KUSTAAFU, GARI LA NYUMBA NA MEZA YA KARATA

Wiki hii tunavuka bahari hadi Marekani. Mzee wa huko akistaafu, si kawaida yake kurudi shambani kama afanyavyo mzee wa huku kwetu. Wako wanaoifunga nyumba au kuiuza kabisa, wakanunua gari kubwa lenye kitanda, jiko, choo na friji ndani yake, kisha wakaanza kuizunguka nchi. Na miongoni mwa hao wako wanaozunguka kwa shabaha moja: kucheza karata katika mashindano ya poka, mji hadi mji.

Huenda ukauliza, "Hayo yanatuhusu nini sisi?" Yanatuhusu, msikilizaji. Wakenya wengi walioko Marekani hufanya kazi ya uuguzi na ya kuwatunza wazee, na wazee hao ndio hawa. Wazazi wetu nao hupanda ndege kwenda kuwatembelea watoto wao huko, na wengine huzungushwa majimbo kadhaa kwa gari. Tena maradhi tutakayoyataja hayachagui pasipoti. Mguu uliokunjwa saa nane huko Nevada ni sawa na mguu uliokunjwa saa nane katika basi la usiku la kwenda Mombasa.

Basi vuta kiti, na ukiweza shika kalamu na karatasi.

MAISHA HAYA YAKOJE?

Poka ni mchezo wa karata unaochezwa kwa dau. Katika mashindano, kila mchezaji hulipa kiingilio, naye hupewa sarafu za plastiki za kuchezea. Zikimwishia, ametoka. Wanaobaki mwisho ndio wanaogawana pesa. Mashindano makubwa kuliko yote ni yale yaitwayo World Series of Poker, yaliyoanza mwaka wa 1970 mjini Las Vegas, jimbo la Nevada. Shindano lake kuu lina kiingilio cha dola 10,000, na mwaka wa 2024 liliwavuta washiriki 10,112.

Kilichowavuta watu wa kawaida ni habari za mwaka wa 2003. Mhasibu mmoja kutoka Tennessee, Chris Moneymaker, alipata nafasi yake kupitia mchezo mdogo wa intaneti uliomgharimu dola 86, akaenda akashinda dola milioni 2.5. Tangu hapo wengi wakasema, "Kama yeye ameweza, kwa nini mimi nisiweze?"

Wazee nao wana nafasi yao. Liko shindano maalum la walio na umri wa miaka 50 na zaidi, ambalo kiingilio chake ni dola 1,000. Johnny Moss alishinda shindano kuu mara ya mwisho mwaka wa 1974, akiwa amepita miaka 65. Doyle Brunson, aliyefariki mwaka wa 2023 akiwa na miaka 89, aliendelea kuketi mezani hadi uzeeni. Kwa hivyo mchezo huu si kama kandanda. Magoti yakichoka bado unaweza kuucheza. Hapo ndipo penye raha yake, na hapo ndipo penye mtego wake.

Mstaafu wa namna hii huishi kwa msimu. Wakati wa baridi huelekea kusini, Arizona au Florida, kukwepa theluji. Njiani yako mashindano madogo madogo katika kasino za Mississippi, Nevada na kwingineko. Kisha mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, macho yote huelekea Las Vegas.

KUKAA KITAKO SAA NYINGI

Fikiria siku ya mstaafu huyu. Kutoka Phoenix hadi Las Vegas ni kama kilomita 480, karibu sawa na Nairobi hadi Mombasa. Anaendesha saa tano au sita. Anafika, anaegesha, anaingia kasinoni, na huko tena anakaa kitini saa kumi au zaidi. Siku nzima miguu yake imening'inia.

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya mashavu ya miguu. Unapotembea, misuli hiyo hukamua mishipa kama mkono unaokamua ng'ombe. Unapoketi bila kujinyosha, damu hutuama, na damu iliyotuama inaweza kuganda. Donge hilo likikaa mguuni, mguu huvimba na kuuma, mara nyingi upande mmoja tu. Likichomoka na kusafiri hadi kwenye mapafu, mtu hushikwa na kifua, akakosa pumzi, na anaweza kufariki ghafla.

Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kuhusu wasafiri. Lilisema kwamba hatari ya damu kuganda huongezeka kama mara mbili kwa safari ya saa nne au zaidi, iwe kwa ndege, gari, basi au treni. Kwa mtu mzima mwenye afya njema hatari hiyo bado ni ndogo. Lakini huzidi kwa mwenye umri mkubwa, mnene, aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mwenye saratani, au aliyewahi kuganda damu zamani.

Afanye nini basi? Akiwa barabarani, asimame kila baada ya saa mbili, ashuke, atembee dakika kumi. Katika mashindano makubwa huwa kuna mapumziko ya dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili hivi. Wengi huyatumia kusimama foleni ya chakula au kupiga domo kuhusu karata waliyoipoteza. Heri azitumie dakika hizo kutembea. Hata akiwa kitini anaweza kuinua visigino na kuvishusha, kisha vidole vya miguu vivyo hivyo, mara ishirini. Hakuna atakayejua, na karata zake hazitaonekana.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, usiukande kwa nguvu wala usingoje shindano liishe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukikosa pumzi ghafla au ukikohoa damu, hiyo ni dharura.

JOTO, MAJI NA HAJA NDOGO

Las Vegas imejengwa jangwani, na mashindano makubwa hufanywa katika miezi ya joto kali kuliko yote. Tarehe 7 Julai mwaka wa 2024 kipimo kilifika nyuzi 48.9 za Selsiasi, kiwango ambacho mji huo haukuwahi kukiona tangu vipimo vianze kuwekwa. Ndani ya kasino ni baridi hadi mtu avae sweta. Nje ni tanuri. Na gari la nyumba lililoegeshwa juani bila kipoza hewa huwa tanuri ndani ya tanuri.

Mwili wa mzee haupozi joto kama wa kijana, na kiu yake huchelewa kumjia. Anaweza kuwa amepungukiwa na maji bila kuhisi kiu hata kidogo. Aidha, baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufanya kazi kwa kutoa maji mwilini, kwa hivyo upungufu huja upesi zaidi. Dalili zake ni kizunguzungu, mkojo mchache wenye rangi ya chai, kuumwa na kichwa, na kuchanganyikiwa. Mzee akichanganyikiwa kwenye joto, usidhani ni uzee tu. Mpeleke kivulini, mpoze kwa maji na upepo, na uite msaada wa haraka.

Hapa kuna jambo ambalo wazee huona haya kulitaja. Wengi hupunguza kunywa maji makusudi ili wasiinuke mezani kwenda haja ndogo. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba huogopa kukosa karata nzuri akiwa chooni. Kujibania hivyo huleta maambukizi ya njia ya mkojo, na kukosa maji huzidisha damu kuganda. Ukweli ni kwamba karata moja au mbili zikikupita hujapoteza kitu kikubwa. Inuka uende.

Na pombe? Katika kasino nyingi za Las Vegas mchezaji huletewa vinywaji bila malipo. Pombe hukausha mwili, hugongana na dawa nyingi, na humfanya mtu kuweka dau ambalo asingeliweka akiwa timamu. Kinywaji cha bure kinaweza kuwa ghali kuliko vyote.

DAWA SAFARINI

Mzee mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo hawezi kuishi barabarani kwa kubahatisha. Kwanza, awe na orodha iliyoandikwa ya dawa zake zote, kiasi chake na saa zake, na aiweke mfukoni, si ndani ya kompyuta. Akianguka mbali na nyumbani, karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea.

Pili, insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiisha kufunguliwa, aina nyingi zinaweza kukaa nje kwa muda wa siku 28 hivi, mradi tu pasiwe na joto kali. Gari lililoegeshwa juani huiharibu, nayo haitabadilika rangi kukuonya. Sukari itapanda tu, na mgonjwa asijue sababu.

Tatu, mlo. Meza ya karata haina saa ya chakula cha mchana. Mwenye kisukari aliyedunga sindano kisha akachelewa kula anaweza kushukiwa na sukari mpaka akatetemeka na kutokwa jasho. Wenzake mezani wanaweza kudhani ana karata nzuri, kumbe anazimia! Awe na ndizi au tunda jingine mfukoni, pamoja na kitu chenye sukari cha kumwokoa.

Nne, bima. Marekani kuna bima ya serikali iitwayo Medicare, ambayo wengi huipata wakitimiza miaka 65. Ile ya kawaida hukubaliwa na daktari yeyote nchini humo anayepokea Medicare, katika jimbo lolote. Lakini wengi wamejiunga na mipango ya Medicare inayoendeshwa na makampuni, na mingi kati ya hiyo huwa na orodha ya madaktari wa eneo ulikoandikishwa; nje ya eneo hilo hushughulikia dharura tu, au hukulipisha zaidi. Kwa mtu asiye na makao, tofauti hiyo ni kubwa mno. Nawe msikilizaji unayempeleka mama au baba kutembea huko, fahamu kwamba mgeni hana Medicare. Mnunulie bima ya safari kabla hajapanda ndege, na uhakikishe inashughulikia maradhi aliyonayo tayari.

HEWA NDANI YA GARI

Huku kwetu tunajua habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, wakakutwa asubuhi wamekufa. Gesi iliyowaua ni kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huishika damu na kuzuia hewa safi isifike kwenye ubongo na moyo.

Gari la nyumba lina milango midogo, madirisha yanayofungwa kabisa, jiko la gesi, na pengine jenereta ya kuendesha kipoza hewa. Moshi wa jenereta, hata ile ya jirani aliyeegesha ubavuni, unaweza kuingia ndani. Kwa hivyo kifaa cha kupiga king'ora gesi hiyo inapozidi ni cha lazima, nacho kijaribiwe kabla ya kila safari. Jiko la kupikia lisitumiwe kupasha chumba joto. Watu wawili wakiumwa na kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hayo si malaria wala chakula kibaya. Watoke nje wote, na wapate daktari.

MACHO, USINGIZI NA USUKANI

Katika majimbo mengi ya Marekani mtu huruhusiwa kuendesha gari kubwa la nyumba kwa leseni ile ile ya gari dogo. Kwa hivyo mwalimu aliyeendesha gari dogo miaka arobaini huweza kujikuta ghafla akiongoza kitu cha ukubwa wa basi. Uzee nao huja na mtoto wa jicho, macho yanayoumizwa na taa za usiku, na shingo isiyogeuka vizuri.

Kanuni ni rahisi: usiendeshe baada ya shindano. Shindano huisha usiku wa manane. Aliyeshinda ana furaha inayomdanganya kwamba hajachoka, na aliyeshindwa ana hasira. Wote wawili ni hatari barabarani. Uzuri wa gari la nyumba ni kwamba kitanda kiko nyuma yako. Baadhi ya kasino huruhusu magari hayo kulala katika uwanja wao. Uliza kwanza, kisha lala.

KARATA INAPOGEUKA KUWA UGONJWA

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Kucheza kamari kupita kiasi ni ugonjwa. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuingiza katika kitabu chao cha uchunguzi mwaka wa 1980, na mwaka wa 2013 wakauweka katika kundi moja na ulevi na uraibu wa dawa za kulevya.

Mashindano yana afadhali moja: kiingilio chajulikana mapema. Lakini tufanye hesabu. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, malipo ya uzeeni ya serikali ya Marekani yalikuwa wastani wa karibu dola 2,000 kwa mwezi. Mzee akicheza mashindano matatu kwa mwezi, kila moja dola 400, ametoa dola 1,200. Hapo hajanunua mafuta, na gari kubwa la nyumba huenda kilomita tatu au nne tu kwa lita moja. Kwa kawaida ni kama mchezaji mmoja kati ya saba anayepata chochote, na wengi wa hao hupata kiasi kinachozidi kiingilio kidogo tu. Kijana akipoteza mshahara, mwezi ujao atalipwa tena. Mzee akipoteza kiinua mgongo, hakuna kiinua mgongo cha pili.

Jiulize, au mchunguze mzee wako: Je, anaongeza dau ili apate msisimko ule ule? Je, anarudi kesho yake ili kukomboa alichopoteza jana? Je, anamficha mkewe au watoto wake? Je, amekopa, au ameuza kitu? Je, akiambiwa apumzike anakuwa mkali na kukosa usingizi? Manne au zaidi ya mambo ya namna hii ndani ya mwaka mmoja humfanya daktari aseme kwamba huu ni ugonjwa.

Tiba ipo. Ni mazungumzo na mshauri, kumkabidhi mtu mwingine usimamizi wa pesa, na kujiunga na vikundi kama Gamblers Anonymous, kilichoanzishwa Los Angeles mwaka wa 1957. Familia isiwe ya kulipa madeni kimya kimya, kwa sababu deni likilipwa kwa siri mchezo huanza upya.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ziko dawa zinazoweza kuamsha tamaa ya kamari kwa mtu ambaye hakuwa nayo kamwe. Ni baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, kama vile pramipexole na ropinirole, ambazo huiga kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Mwaka wa 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo la namna hiyo kuhusu aripiprazole pia, dawa ya magonjwa ya akili. Mama aliyekuwa mwangalifu wa kila senti maisha yake yote anaanza dawa, na baada ya miezi akiba yake imekwisha. Watoto hudhani amekosa haya, kumbe ni dawa. Asiiache ghafla mwenyewe, kwani kuiacha ghafla kuna madhara yake. Aende kwa daktari, ambaye anaweza kuipunguza au kuibadilisha, na mara nyingi tamaa hiyo hupungua.

JE, HAKUNA FAIDA?

La hasha, iko. Mwaka wa 2023 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa tangazo rasmi kwamba upweke ni tatizo la afya ya umma. Mstaafu aliyefiwa na mwenzake, ambaye watoto wake wako mbali, hupata kwenye meza ya karata watu wanaomjua kwa jina na wanaouliza alikuwa wapi akikosekana. Hilo si jambo dogo. Hata hivyo, asikudanganye mtu kwamba karata ni dawa ya kuzuia ugonjwa wa usahaulifu. Kinachojulikana kusaidia ni kutembea, kudhibiti shinikizo la damu na sukari, kuacha sigara na kukaa na watu. Karata zinaweza kumpa hilo la mwisho tu. Mengine atajitafutia mwenyewe.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msafiri huyu naye iko siku macho yatakataa usukani. Anayepanga vizuri huacha pesa za nyumba kando tangu mwanzo, mahali ambapo mkono wake wa karata haufiki, ili siku hiyo awe na pa kurejea.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Tembea kila baada ya saa mbili, barabarani na mezani.
2. Kunywa maji kabla ya kiu, na usijibanie haja ndogo.
3. Beba orodha ya dawa zako, na usiache insulini kwenye gari lililo juani.
4. Jaribu king'ora cha gesi kabla ya kulala ndani ya gari.
5. Usiendeshe gari baada ya kucheza usiku.
6. Weka kikomo cha pesa za mwezi, na mwenzako akijue.
7. Ukianza dawa mpya na tamaa mpya ikaja, mweleze daktari.

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

Je, katika jamaa yenu, nani anayejua dawa anazotumia mzee wenu na saa zake? Mzee akilipwa kiinua mgongo, ni uamuzi gani ufanywe kabla ya pesa kufika mkononi? Na mtu wenu akishikwa na tamaa ya kamari, mtaanzia wapi kumsaidia bila kumwaibisha?

Hadi hapo, wasikilizaji wapenzi, tumefika mwisho wa mazungumzo ya leo. Ukiwa na mzee safarini, mpigie simu jioni hii. Muulize kwanza habari za miguu yake, kisha habari za karata. Kwaherini.